Jina Lililopanda Boti

Nshambya, 14 Septemba

Mvua ya kwanza ya vuli imenyesha leo saa tisa alasiri, kwa dakika arobaini.

Daftari hili nalianza kwa sababu ya riwaya. Kwa miaka thelathini na moja kila nilichoandika kilikuwa na tarehe, mahali, na jina la aliyesema. Riwaya haina hata kimoja cha hivyo, na nimeona bila tarehe ninapotea. Basi riwaya itaendelea kwenye kompyuta, na tarehe zitakaa humu.

Nimefika sura ya tisa kati ya kumi na nne. Mswada unatakiwa Dar es Salaam tarehe 15 Desemba. Kisa nimekitoa kwenye boti ya mbao iliyozama miaka tisa iliyopita ikitoka kisiwani Bumbire kuja upande wa Muleba. Walikufa kumi na tisa. Habari hiyo niliiandika mimi. Sura ya tisa ni mazishi ya Alexander wa Izimbya, mchuuzi wa samaki. Mwili wake haukupatikana. Walipokwisha kumtafuta, ukoo ulizika gogo la mgomba kibanjani kwake, yaani shamba la migomba lenye nyumba, kama inavyofanywa kwa mtu aliyebaki ziwani. Mke wake, Ephrasia, analia mpaka wanawake wawili wanamshika mikono. Ndivyo nilivyoandika gazetini wakati ule, na ndivyo ilivyo kwenye riwaya. Jina nimempa jingine, lakini mtu yeyote wa Izimbya atamjua.

15 Septemba

Mvua. Sikuandika.

21 Septemba

Farida, mhariri wangu, amepiga simu. Nimemzidi miaka ishirini. Akiniita Bi Sada najua ana neno gumu.

"Bi Sada, sura ya tisa nimeisoma mara mbili."

"Sema."

"Huyu mama analia mno. Kila mjane kwenye riwaya zetu analia, anashikwa, anamwagiwa maji. Watu wamechoka. Hivi asipolia itakuwaje?"

"Alilia. Ni habari ya kweli."

"Mimi sihariri gazeti, dada yangu."

Nimemwambia nitakagua, kisha nikakagua kweli. Kipande cha gazeti ninacho kwenye faili. Aya ya saba inasema mjane wa marehemu alilia kwa uchungu hadi kushikwa na waombolezaji. Daftari langu la kazi la wiki ile pia ninalo. Gogo lilizikwa Jumamosi. Mimi nilifika Izimbya Jumapili saa nne asubuhi, kwa sababu barabara ilikuwa imekatika kwa maji. Nimepitia kurasa zote sita za Jumapili ile. Hakuna neno hata moja kuhusu kilio.

22 Septemba

Nimewahi kusahihishwa majina, idadi, na mara moja umri wa askofu. Aya ya saba haikusahihishwa na mtu.

2 Oktoba, Muleba

Nimekuja kumwona Bundala. Ni Msukuma, alikuwa fundi wa injini kwenye boti ile, mmoja wa wachache waliotoka hai. Siku zile alikuwa hospitali; nilimwona kitandani, sikumhoji. Sasa anauza dagaa sokoni hapa. Nilitaka anieleze watu walivyopanda, kwa ajili ya sura ya sita. Nilikuwa na maswali manne tu.

"Mama mwandishi! Umezeeka."

"Na wewe umenenepa."

"Ni hawa dagaa. Kaa hapo kwenye gunia, usiogope, halichafui."

Akanieleza utaratibu wa mwaloni, pale boti zinapopakia. Boti ilikuwa inaondoka ikijaa, na kujaa kulichukua saa tatu au nne. Hakuna aliyesimama juani muda wote huo. Mtu aliweka begi lake juu ya ubao wa kukalia, akaenda kambini kwa wavuvi kunywa chai. Begi ndilo lililomshikia nafasi, na hakuna aliyethubutu kulisogeza.

"Karani wa mwalo anapita na karatasi," alisema. "Anauliza, hili begi la nani? La fulani. Anaandika fulani."

"Kwa hiyo orodha ile ni ya mabegi."

"Ni ya mabegi, mama. Ulidhani ni ya nini? Sasa siku ile upepo ulianza, nahodha akasema tuwahi. Tukasukuma. Aliyekuwa kwenye chai akabaki na chai yake."

"Nani alibaki?"

"Alex wa Izimbya alibaki. Nilimwona amesimama ufukweni na kikombe mkononi, anatupigia kelele. Mimi nilimcheka."

Nilimwomba arudie. Akarudia, maneno yale yale. Nikamuuliza kwa nini hakusema.

"Nani aliniuliza? Polisi waliuliza injini ni ya nani. Nyie wa magazeti mliuliza wangapi. Hakuna aliyeuliza nani."

"Na yeye alikwenda wapi?"

"Watu wa kambi wanasema alivuka na wanunuzi wa samaki upande wa Uganda. Kuna mwanamke huko." Akapima kopo la dagaa, akamwagia mteja kwenye mfuko. "Huwa yupo mwanamke, mama."

Walikufa kumi na wanane. Ingekuwa gazeti, ningejua la kufanya: masahihisho, ukurasa wa pili, mistari mitatu.

3 Oktoba

Nimerudi kwa basi la asubuhi. Mvua tangu Kemondo.

9 Oktoba, Izimbya

Ephrasia nilimpelekea sura ya tisa tangu Septemba, kwa sababu yeye ndiye mwenye kisa. Ni mwanamke wa miaka arobaini na sita, anaongoza kwaya ya kigango, anasoma vizuri. Nimemkuta nyuma ya nyumba anamenya ndizi. Karatasi zangu zilikuwa kwenye mfuko wa nailoni kando yake.

"Ma Sada, umeandika vizuri. Mpaka kitenge nilichovaa umekipata."

"Sikukiona. Niliuliza watu."

"Kumbe. Na kulia nako uliuliza watu?"

Aliendelea kumenya.

"Sikulia," alisema. "Hao walionishika mikono walikuwa wananibembeleza nilie. Mama mkwe wangu, Mungu amrehemu, alinifinya hapa." Akanionyesha juu ya kiwiko. "Alinifinya mpaka pakavimba. Machozi hayakutoka."

Nikamwambia nimetoka Muleba, nimeonana na fundi wa injini. Kisu kilisimama.

"Amesema nini?"

"Kwamba Alexander alibaki ufukweni."

"Basi unajua."

"Wewe ulijua lini?"

"Alhamisi. Gogo lilizikwa Jumamosi. Alipiga simu kwa namba ya Uganda. Akasema, acha waamini hivyo hivyo, usinitafute. Akakata. Hata watoto hakuwauliza."

"Ukanyamaza."

"Ningesema nini?" Aliitupa ndizi ndani ya sufuria, maji yakaruka. "Mwanamke aliyeachwa anarudi kwa kaka zake na sanduku lake. Aliyefiwa anabaki na kaburi. Nilikuwa na wasichana wawili wadogo, na kibanja ambacho nusu ya migomba yake nimeipanda kwa mikono hii. Wazee wakaniuliza, tuchimbe wapi? Nikawaonyesha mahali."

Ndipo akanieleza lililo mbele yake. Msimu huu wapima ardhi wako kijijini, watu wanaandikishwa hati za hakimiliki ya kimila. Jina lake limeandikwa kwa kibanja kile. Shemeji yake Kagaruki, kaka mkubwa wa Alexander, ameweka pingamizi. Anasema kifo cha mdogo wake hakijathibitishwa. Baraza la ardhi la kijiji litasikiliza mwezi ujao. Cheti cha kifo Ephrasia hana, kwa sababu mwili haukuonekana. Anacho kipande cha gazeti.

"Shahidi wangu ni wewe," alisema. "Na ukiandika kwenye kitabu chako kwamba sikulia, Kagaruki atauliza kwa nini. Alikuwa mwalimu yule. Anasoma mpaka karatasi za kufungia sukari."

Nikamwambia sijawahi kumwahidi mtu ninayemhoji kitu chochote.

"Sikuombi ahadi. Chukua mkungu huu uende nao mjini."

10 Oktoba

Nimejua aya ya saba ilikotoka. Nilipokuwa darasa la tano baba alikwenda Mwanza kununua bidhaa za duka, hakurudi. Mama alilia siku tatu ameegemea mlango wa jiko, bibi na jirani wakimshika mikono. Siku ya nne mashemeji zake walikuja na gari la mizigo. Ndiyo sababu nimekulia hapa Nshambya, kwa bibi mzaa mama. Jumapili ile Izimbya nilikuwa nimechelewa, ofisi inasubiri habari, nikaandika machozi niliyoyafahamu.

Hiyo ilikuwa sentensi ya kwanza ya riwaya hii. Niliiandika miaka tisa iliyopita nikidhani ninaandika habari.

18 Oktoba

Siku nane za mvua. Nimeandika sura ya tisa upya, bila machozi, nikaweka simu ya Alhamisi na ule mfinyo wa mama mkwe. Sijawahi kuandika kitu kizuri kama hicho.

19 Oktoba

Nimeisoma tena asubuhi. Bado ni nzuri. Sijaituma.

27 Oktoba

Kagaruki amekuja nyumbani, hapa Nshambya, kwa pikipiki, suruali imelowa mpaka magotini. Nilikuwa nimeshamweka mahali pake: shemeji anayevizia kibanja cha mjane mwenye mabinti tu. Aina hiyo nimeiandika mara nyingi, naweza kuiandika huku nakula.

"Samahani kwa matope, Bi Sada."

"Karibu, Mwalimu. Matope ni ya wote."

Alikunywa chai kwanza. Kisha akasema anajua wanamwita mla mirathi.

"Nina kibanja changu," alisema, "na kingine sikimalizi kukipalilia. Migomba ya Alexander ya nini? Lakini mwaka jana mtu wa kijijini kwetu alitoka Masaka, Uganda, akaniambia ameona mtu sokoni anatembea kama yeye. Alexander anaburuza mguu wa kushoto, alianguka mtini tukiwa watoto. Mimi ndiye niliyempandisha."

"Mtu huyo alizungumza naye?"

"Hakumfikia. Sasa kila Novemba naomba misa kwa ajili ya marehemu mdogo wangu. Miaka tisa. Nataka kujua namwombea nani, aliye kaburini au aliye Masaka. Nikiuliza nyumbani wananyamaza. Nimeweka pingamizi kwa sababu barazani mtu ataapishwa."

Nikamuuliza, ikijulikana yuko hai, kibanja kitakuwaje?

"Ni cha mwenyewe. Kitamngoja."

"Na Ephrasia?"

"Atakwenda kwao, mpaka mume wake arudi." Aliniangalia kana kwamba swali ni la mtoto. "Mila ndivyo zilivyo, sizitungi mimi."

Nimemsindikiza mpaka barabarani. Si mtu mbaya. Anataka kitu kimoja tu, nami ninacho. Sikumpa. Siku zote nimeshika kwamba kunyamaza si kusema uongo, na leo nimelishika hilo kwa shida.

5 Novemba

Senene wametua. Nshambya yote inanuka mafuta ya kukaangia. Sikuandika.

12 Novemba, Izimbya

Baraza lilikaa saa nne katika ofisi ya kijiji. Mwenyekiti alikuwa Ta Byarugaba, mzee mpole mwenye kusikia kwa shida. Watu walikuwa kama hamsini, wengi wao nje chini ya upenu kwa sababu ya mvua. Ephrasia alikaa benchi la mbele na binti yake mkubwa, Immakulata.

Wakaniita kuapa. Msahafu haukuwapo, ilikuwapo Biblia tu. Byarugaba akafikiri kidogo, akasema niape kwa mdomo. Nikaapa bila kushika kitu.

Kagaruki aliuliza mwenyewe, amesimama, karatasi mkononi, kama anayeita mahudhurio.

"Jina la Alexander ulilipata wapi?"

"Kwenye orodha ya karani wa mwalo."

"Uliiona kwa macho?"

"Niliishika."

"Kuna aliyenusurika uliyemhoji?"

"Wawili, siku ile."

Mpaka hapo kila jibu lilikuwa sahihi. Nimetumia maisha yangu kuwasikiliza maofisa wakijibu hivyo, nikijua wanachokizunguka. Leo nilijibu kama wao, na nilijibu vizuri.

"Mazishi ulihudhuria?"

Nilitazama mikono ya Ephrasia. Haikutikisika. Hakuniangalia.

"Nilihudhuria."

"Sauti, mama," Byarugaba alisema. "Bati linapiga kelele."

"Nilihudhuria."

"Nauliza hivi," Kagaruki alisema, "kwa sababu mke anayejua mume wake hajafa hawezi kulia. Mimi nilikuwa na wachimbaji, sikumwona. Je, huyu alilia?"

"Alilia."

"Ulimwona?"

"Kwa macho yangu."

Mwanamke mzee nyuma yangu akasema bila kuulizwa, "Mimi ndiye niliyemshika mkono wa kulia. Nani anabisha?" Wanawake kadhaa wakaitikia. Alichosema kilikuwa kweli, na nadhani kila mwanamke mle ndani alijua alichokiacha bila kukisema.

Kagaruki aliikunja karatasi mara mbili. Akasema kwa Kihaya, si kwa baraza wala kwangu, kwamba basi mdogo wake amekufa. Akamwambia Byarugaba pingamizi ameliondoa. Akakaa. Akaweka ile karatasi machoni, mabega yakaanza kumtikisika, na sauti iliyomtoka ilisikika mpaka upenuni juu ya mvua. Watu walitazama sakafu. Hakuna aliyekwenda kumshika.

Hayo niliyaona.

13 Novemba

Mvua kutwa.

24 Novemba

Nimemtumia Farida mswada mzima, siku ishirini na moja kabla ya tarehe. Sura ya tisa ina machozi. Ile nyingine nimeifuta, na nakala yake pia. Amepiga simu jioni.

"Bi Sada, nilidhani tulikubaliana mama asilie."

"Hatukukubaliana. Nilisema nitakagua. Nimekagua."

"Na?"

"Analia."

Alivuta pumzi. "Haya. Basi tuuze huo ukweli. Kwenye jalada tuandike: kisa cha kweli kilichoandikwa na mwandishi aliyekuwapo."

"Usiandike hivyo."

"Kwa nini, wakati ulikuwapo?"

"Andika kwamba wahusika na matukio yote ni ya kubuni."

"Hiyo tunaweka kila kitabu, dada, kwa herufi ndogo. Hakuna anayeiamini."

"Kwangu weka kubwa."

Akacheka, akaniambia nimezeeka. Mimi nilikuwa nafikiria kwamba hiyo itakuwa aya pekee ya kitabu nitakayotaka watu waiamini, na nusu yake ni kweli.

6 Desemba, Izimbya

Mvua zimepungua. Ephrasia ameipata hati, ina jina lake na majina ya mabinti wawili. Amenionyesha, akairudisha kwenye mfuko wa nailoni, akaiweka chini ya godoro, akaitoa tena, akaiweka kabatini.

Kibanjani kulikuwa na watu watatu wanachanganya saruji. Kagaruki anamjengea mdogo wake kaburi. Amenunua na msalaba wa chuma wenye jina na tarehe ya boti. Alikuwa amevua shati, anapima pembe kwa kamba, na aliponiona akaja kunishika mkono kwa mikono yake yote miwili.

"Asante, Bi Sada. Nimelala."

Nilimjibu salama.

Ephrasia alikuwa anawachotea maji ya saruji, ndoo kwa ndoo. Nilimsaidia moja. Nilimuuliza kama Alexander amewahi kupiga simu tena.

"Usiulize," alisema. "Kazi yako imekwisha." Akatua ndoo, akanyoosha mgongo. "Kagaruki amebadilika, unajua? Jana amewaletea watoto sukari. Miaka tisa alikuwa hanitazami usoni. Kumbe alikuwa anangoja tu mtu amwambie."

"Tumemwambia uongo."

"Ndiyo. Tumemwambia." Alitazama upande wa kaburi. "Kitabu kikitoka uniletee. Nataka kuona nililiaje."

11 Desemba, Nshambya

Siku nne nimekuwa nikilinakili daftari hili upya, kuanzia ukurasa wa kwanza. Lile la mwanzo nimelichoma jikoni, karatasi kwa karatasi, na chai ikachemkia hapo hapo.

Katika nakala hii majina yote nimebadilisha, pamoja na langu. Izimbya si mahali anapoishi huyo niliyemwita Ephrasia. Boti haikutoka Bumbire, na anayeitwa Bundala hauzi dagaa wala hakai Muleba. Mguu unaoburuzwa si wa kushoto. Idadi ya waliokufa nimeigusa kidogo, juu au chini. Nilipofika kwenye baraza nilitaka kubadilisha na majibu yangu, nikaona sina haki, nikayaacha.

Mvua pia nimeiacha, siku kwa siku, kama ilivyonyesha.